UZI: Château Gaillard, ngome ya Richard Moyo wa Simba, na wanakijiji waliokufa njaa chini ya kuta zake

Wakuu, habari za muda huu.

Nimetoka Normandy, kaskazini mwa Ufaransa, kuitazama ngome ya Château Gaillard. Magofu yenyewe ni mazuri, lakini kilichonifanya nifungue uzi huu ni watu ambao hawakuwa na ngome wala upanga, na wakafa pale kwa sababu wakubwa wawili walikuwa wanapigania mto. Mabango mengi yanamtaja Richard, mfalme wa Uingereza, yanamtaja Philip, mfalme wa Ufaransa. Hawa wengine lazima uwatafute mwenyewe. Nitaleta kwa vipande, mwenye swali aulize wakati wowote.

Mahali penyewe

Ngome ipo juu ya mji wa Les Andelys, pale mto Seine unapopiga kona kubwa, kama kilomita mia moja kutoka Paris ukielekea Rouen. Imekaa juu ya mwamba mweupe wa chokaa ulio takribani mita 90 kutoka majini. Ukisimama ukingoni unaziona mashua za mizigo zinazotoka upande wa Paris muda mrefu kabla hazijapita chini yako. Hapo huhitaji kuelezwa kwa nini ngome ilijengwa. Aliyeushika mwamba huu aliushika mto, na mto ndio ulikuwa njia ya kwendea Rouen, mji mkuu wa Normandy.

Sasa Normandy wakati ule haikuwa chini ya mfalme wa Ufaransa moja kwa moja. Ilikuwa mikononi mwa mfalme wa Uingereza, Richard wa Kwanza, huyu anayeitwa Moyo wa Simba. Akiwa njiani kurudi kutoka Vita vya Msalaba alikamatwa na mtawala wa Austria, Desemba 1192, kisha akakabidhiwa kwa Henry wa Sita, Kaisari wa Ujerumani. Fidia iliyotakiwa ilikuwa marki 150,000 za fedha. Raia wake walikamuliwa kodi, hadi vyombo vya makanisani vikachukuliwa. Alipoachiwa Februari 1194 akakuta Philip wa Pili wa Ufaransa amekwisha kujichukulia Gisors na ngome kadhaa za mpakani. Ukuta wa mashariki wa Normandy ulikuwa umetobolewa.

Mwanzoni mwa 1196 wafalme hao wawili walitia saini mkataba, na kipengele kimoja kilisema Andely, yaani hapahapa Les Andelys, isijengwe ngome na yeyote. Isitoshe ardhi yenyewe ilikuwa mali ya Askofu Mkuu wa Rouen, Walter wa Coutances. Richard hakujali mkataba wala askofu. Akaanza kujenga mwaka huohuo. Askofu Mkuu akajibu kwa kufunga ibada Normandy nzima: hakuna misa, hakuna mazishi ya kanisa. Mwandishi wa wakati ule, Roger wa Howden, ameandika kwamba maiti zililala mitaani bila kuzikwa. Kesi ikafika kwa Papa, na mwaka 1197 ikaisha kwa Richard kumfidia askofu mji wa bandari wa Dieppe, Louviers, vinu vya Rouen na mali nyingine. Askofu alitoka pale tajiri kuliko alivyoingia. Waliokosa mazishi ya ndugu zao hawakufidiwa na mtu.

Pesa na kazi

Hapa ndipo nilipostaajabu. Ngome kubwa za mawe zilichukua miaka kumi, nyingine ishirini. Hii ilisimama kati ya 1196 na 1198. Vitabu vya hesabu vya hazina ya Normandy bado vipo, na vinaonyesha ujenzi wote pale Andely ulikula karibu pauni 12,000 za wakati ule. Kwa kulinganisha, baba yake, Henry wa Pili, alitumia kama pauni 6,500 kwenye ngome ya Dover, kwa miaka mingi zaidi. Wamo kwenye hesabu hizo wachonga mawe, maseremala, wahunzi, wachoma chokaa, wabeba mizigo, na wale wachimbaji waliochonga mahandaki ndani ya mwamba kwa mikono. Wala haikuwa ngome peke yake. Walijenga na daraja, boma kwenye kisiwa katikati ya Seine, uzio wa magogo ndani ya mto kuzuia mashua, na mji mpya kabisa chini ya mwamba, ambao leo unaitwa Petit Andely. Mshike mji huo akilini, ndio wenye uzi huu.

> Mdau: Dada, tuelekeze ngome ilivyokaa. Tunaosoma vita tunataka kuona ramani kichwani.

Sawa mkuu. Fikiria mwamba ulio mwembamba kama ulimi, umezungukwa na mabonde pande karibu zote, umeungana na uwanda wa juu upande mmoja tu, kusini-mashariki. Adui hana pengine pa kuingilia. Kwa hiyo upande huo waliweka boma la mbele, lenye umbo la pembetatu, ncha yake ikimtazama adui. Nyuma yake handaki lililochongwa ndani ya mwamba. Kisha boma la kati. Ndani ya boma la kati, handaki jingine, na ndani yake boma la mwisho, lenye mnara mkuu ukiwa ukingoni kabisa juu ya mto. Yaani ukitwaa moja unakutana na jingine.

Kitu nilichokaa nacho muda mrefu ni ukuta wa boma la mwisho. Hauna uso ulionyooka. Umejengwa kwa mawimbi, nusu-duara ikifuatiwa na nusu-duara nyingine bila nafasi kati yake, ukipitisha mkono unapanda na kushuka. Faida yake ni kwamba jiwe linalorushwa na mtambo halipati uso bapa wa kupiga kwa nguvu zote, na walinzi hawaachi pembe ambayo adui anaweza kujificha chini yake. Ukisogea karibu unaona jinsi ulivyojazwa ndani: mabonge ya gumegume ya kijivu yamegandamizwa kwenye chokaa, na nje yake ndiyo yamepangwa mawe meupe yaliyochongwa vizuri. Sehemu nyingi mawe hayo ya nje yamebanduliwa (nitaeleza nani aliyabandua), ila pale yalipobaki, kiungo kati ya jiwe na jiwe ni chembamba sana, baada ya miaka zaidi ya 800. Mnara mkuu nao ni wa duara kwa ndani, lakini upande unaoelekea adui umetokeza ncha mfano wa omo la jahazi.

Inasimuliwa kwamba Philip alisema angeitwaa hata kama kuta zake zingekuwa za chuma, na Richard akajibu kwamba angeilinda hata kama zingekuwa za siagi. Hawakupata kujaribiana. Machi 1199 Richard alipigwa mshale begani kwenye ngome ndogo ya Châlus, jeraha likaoza, akafa Aprili. Utawala ukaenda kwa mdogo wake, John.

Mzingiro

Philip alikuja mwishoni mwa kiangazi cha 1203. Hakuanza na ngome, alianza na mto. Uzio wa magogo ukakatwa. Boma la kisiwani likachomwa moto, na inaelezwa kwamba kazi hiyo ilifanywa na mtu wa mji wa Mantes aliyeitwa Gaubert, hodari wa kupiga mbizi, aliyeogelea hadi kisiwani akivuta vyombo vilivyozibwa vyenye makaa ya moto ndani. John alijaribu kuokoa jahazi: kikosi cha nchi kavu chini ya William Marshal kishambulie kambi ya Wafaransa usiku, na wakati huohuo mashua zilete chakula kwa kupanda mto. Mkondo ukazichelewesha mashua. Kikosi cha nchi kavu kikapigana peke yake kikatawanywa, na mashua zilipofika zikakuta Wafaransa wako macho wanazisubiri. Desemba John akavuka bahari kurudi Uingereza. Ngome ikabaki chini ya kamanda wake, Roger de Lacy, pamoja na chakula kilichokuwa ghalani.

Sasa wale watu wa Petit Andely. Wafaransa walipouvamia mji, wakazi walikimbilia kwenye ngome: wake kwa waume, wazee, watoto. Wanahistoria wanataja kati ya watu 1,400 na 2,200. De Lacy aliwafungulia. Philip hakuwa na haraka ya kupanda kuta. Alichimba mistari miwili ya mahandaki kuuzunguka mwamba wote, akaweka minara ya mbao, akatulia angoje njaa ifanye kazi.

De Lacy akapiga hesabu za ghala. Akaona kwamba akiwatoa raia, askari wake watashika miezi mingi zaidi. Akatoa kundi la kwanza, watu kama mia tano, waliokuwa dhaifu zaidi. Wafaransa wakawaonea huruma wakawapisha. Siku chache baadaye kundi jingine kama hilo, nalo likapita. Philip hakuwapo kambini. Habari zilipomfikia akakataza: asipite mtu, kwa maana kila mdomo unaotoka ngomeni unawarefushia maisha waliobaki ndani. Alitaka wale wote wabaki humo wamalize chakula.

De Lacy alipotoa kundi la tatu, mamia ya watu, walikutana na mishale. Wakageuka kukimbilia lango walilotokea. Lango lilikuwa limefungwa, na halikufunguliwa tena.

Wakabaki katikati, kwenye mabonde na mahandaki, juu yao kuta za mfalme wao, mbele yao mistari ya mfalme mwingine. Ilikuwa majira ya baridi. Aliyeyaandika haya ni Guillaume le Breton, kasisi wa Philip mwenyewe aliyekuwapo kwenye mzingiro, kwa hiyo si adui wa Philip anayetunga uongo. Anasema walikula majani machache waliyoyapata, wakanywa maji ya mto. De Lacy alipofukuza mbwa wa ngomeni nao ili kuokoa chakula, watu wale waliwala mbwa. Kuku mmoja aliyewaangukia walimgombania wakammeza na manyoya na mifupa. Anataja na mtoto mchanga aliyezaliwa palepale, akaliwa.

Philip aliporudi Februari 1204 walimlilia akiwa anapita. Akaamuru wapishwe na wapewe chakula. Kuna mwanamume mmoja Guillaume anamtaja, aliyekuwa ameshika paja la mbwa. Wakamwambia alitupe. Akakataa: paja lile ndilo lililomweka hai, hatalitupa mpaka kwanza ashibe mkate. Wengi wa waliookolewa walikufa baada ya kula, matumbo yao yalikuwa hayawezi tena.

> Mdau: Mkuu, hapa lawama nampa de Lacy. Umewafungulia watu mlango mwenyewe, halafu unawatupa nje kwenye baridi? Bora asingewapokea tangu mwanzo.

> Mdau mwingine: Mimi simlaumu, kamanda anafuata amri ya kulinda ngome. Philip ndiye mwenye dhambi, alikuwa na chakula na alikuwa na uwezo wa kuwapisha. Na mnamsifu eti aliwaokoa.

Nimesoma hoja zenu wote wawili. Msimamo wangu ni kwamba de Lacy alijua. Makundi mawili ya kwanza alikuwa na haki ya kuamini yatapita, na yalipita. Lakini watu wa kundi la tatu walipopigwa mishale akiwatazama, wakarudi wakigonga lango, pale uamuzi ulikuwa wake peke yake. Philip naye alitumia njaa ya watoto kama silaha, na huruma yake ya Februari ilikuja wakati wengi wameshakufa. Ila kuna wa tatu hatajwi: Richard. Ni yeye aliyejenga mji wa raia chini ya ngome ya mpakani, akawaita watu wakae pale. Ukishapanga hivyo, umeshapanga na watakaokwama katikati vita ikija.

Mimi nilishuka hadi ndani ya handaki lililo kati ya boma la mbele na la kati. Kuta zake ni mwamba mtupu, unaona bado alama za sululu. Ukiwa chini mule huoni mto wala mji, unaona kuta tu na anga. Nilikuwa nimevaa koti zito na bado upepo ulipenya. Mtu hahitaji zaidi ya hapo kuelewa.

> Mdau: Nilisoma sehemu kwamba ngome ilitekwa kupitia chooni. Ni kweli au stori za vijiweni?

Kuna ukweli ndani yake. Kwanza lilianguka boma la mbele. Wachimbaji wa Philip walitoboa chini ya mnara, wakaegemeza kwa miti, wakachoma miti, mnara ukaporomoka. Lilipofika zamu ya boma la kati wakakuta udhaifu uliotiwa na John mwenyewe. Alikuwa ameongeza jengo lililoegemea ukuta, lenye kikanisa na vyoo, na dirisha lake lilikuwa upande wa nje. Askari mmoja aliyeitwa Bogis akapandishwa na wenzake, akaingia, akawashushia kamba. Guillaume ameitaja njia ya choo, lakini wanahistoria wengi wanaona dirisha la kikanisa ndilo lenye mantiki zaidi. Walipokuwa ndani wakapiga kelele kana kwamba ni jeshi zima. Walinzi wakalitia moto jengo wawachome, moto ukawageukia wenyewe, wakarudi nyuma hadi boma la mwisho.

Na boma la mwisho, lenye ule ukuta wa mawimbi, liliangushwa na daraja. Wajenzi waliacha kipande cha mwamba bila kukikata kiwe njia ya kuingilia langoni. Wachimbaji wa Philip wakajikinga chini ya kipande hicho wakatoboa ukuta, kisha mtambo mkubwa wa kurushia mawe, ulioitwa Cabulus, ukamalizia. Tarehe 6 Machi 1204 waliobaki, wasiofika mia mbili, wakakamatwa. Hata mnara mkuu hawakupata nafasi ya kujifungia. Juni 24 mwaka huohuo Rouen ikasalimu amri, na Normandy ikatoka mikononi mwa Waingereza. John alitumia miaka kumi kukamua kodi ili airudishe, akashindwa, na mabaroni wake waliochoshwa na kodi hizo ndio waliomlazimisha kukubali Magna Carta, hati ya kuwekea mipaka mamlaka ya mfalme, mwaka 1215.

Baada ya hapo

Ngome ilikarabatiwa na wafalme wa Ufaransa. Mwaka 1314 alifungwa humo Margaret wa Burgundy, mke wa mrithi wa kiti cha Ufaransa, kwa kosa la uzinzi, akafia humo mwaka uliofuata. Kuanzia 1334 hadi 1341 Wafaransa walimhifadhi pale David wa Pili, mfalme wa Uskoti, aliyefika akiwa mtoto wa miaka kumi. Mwaka 1419, kwenye Vita vya Miaka Mia, Waingereza waliizingira tena, na safari hii kilichowaangusha Wafaransa waliokuwa ndani ni kamba za kisima: zilikatika kwa kuchakaa, wakawa hawawezi tena kuteka maji.

Na mawe ya nje niliyosema yamebanduliwa? Mwaka 1599 Henry wa Nne aliamuru ngome ibomolewe, maana watu wa eneo lile waliogopa vikundi vya wenye silaha kujificha humo. Watawa Wakapuchini wakaruhusiwa kuchukua mawe kujengea nyumba zao. Ubomoaji ulisimama mwanzoni mwa karne ya 17, na mwaka 1862 magofu yakawekwa chini ya ulinzi wa sheria.

> Mdau: Niko Rouen na watoto. Panafaa kwa familia? Na bila gari?

Panafaa sana, ndugu. Treni inayotoka Paris Saint-Lazare kwenda Rouen inasimama Gaillon-Aubevoye, ila kutoka pale hadi Les Andelys ni zaidi ya kilomita kumi, kwa hiyo panga teksi au baiskeli mapema. Wenye gari wanaweza kuegesha juu kabisa, upande ule Philip alioshambulia. Maboma ya nje unatembea bure, la mwisho lenye mnara unalipia kiingilio, na wakati wa baridi hufungwa. Washike watoto mikono ukingoni, sehemu nyingi hazina uzio. Wakiwa na nguvu, wapandishe kwa miguu kutoka Petit Andely. Njia ni kali lakini ndiyo njia ya wale waliokimbia mwaka 1203. Kabla ya kupanda ingieni kanisa la Saint-Sauveur pale mjini, ni la zama zilezile za ngome. Na juu, usiwaonyeshe mnara tu. Washushe na handakini.

Kesho nikipata nafasi nitapandisha picha za ukuta wa mawimbi na za lile lango la daraja la mwamba, maana kuna mkuu ameziomba inbox.